Kombe la Mwalimu Gervas

Ipo Jumamosi moja ya Februari, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka nashusha sauti, hata kama niko peke yangu jikoni. Theluji ilikuwa imejaa njia zote za Lawrence Heights, hapa Toronto, na sisi wazee tuliosoma vyuo vya ualimu kule nyumbani tulikuwa tumekutana katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Mabuti yalikuwa yamerundikana mlangoni, makoti yamelaliana juu ya meza moja, na harufu ya pilau imetangulia hadi nje. Tulikuja kula, ndiyo. Lakini nikisema tulikuja kugombana sitakuwa nimekosea.

Wewe ulizaliwa huku, kwa hiyo nikueleze. Mji wetu ulikuwa na vyuo viwili vya ualimu, Kilimani na Stesheni. Mimi nilisoma Kilimani. Vyuo hivyo vilikuwa haviivi chungu kimoja, na kisa chenyewe kilikuwa mpira. Siku ya Kilimani kucheza na Stesheni soko lilifungwa, na hata mapadri waliharakisha ibada. Watu wamevuka bahari, wamezeeka, wamepata wajukuu wasiojibu ila kwa Kiingereza, na bado ukimgusa mtu wa Stesheni kwa habari za mpira wa wakati ule anasimama kama aliyechomwa sindano.

Kocha wetu pale Kilimani aliitwa Mwalimu Gervas. Mtu mrefu, mkimya, mwenye miwani mizito. Alichukua watoto wa wakulima wasiojua kuvaa viatu vya mpira akawapa kombe la mkoa mara nne mfululizo. Tulimpenda kwa namna ambayo siku hizi inanitisha. Akipita, tulinyamaza. Akitutaja kwa jina, tulilala na furaha. Halafu, mwaka wa kombe la nne, mchezaji wetu mmoja alianguka uwanjani, mambo yakachimbuliwa, na Mwalimu Gervas akafukuzwa kazi na kukatazwa kufundisha mpira maisha yake yote.

Basi mwezi wa Januari tukapata habari kwamba amefariki, mzee sana, kijijini kwao. Na Mzee Pius, mwenyekiti wetu wa Kilimani hapa Toronto, akaja siku ile na pendekezo: mashindano ya vijana tunayoandaa kila kiangazi, yanayokutanisha watoto wa Weston na North York, kuanzia mwaka huu yaitwe Kombe la Mwalimu Gervas.

Mzee Ramadhani wa Stesheni hakusubiri hata sahani yake ipoe.

"Pius, una homa?" aliuliza. "Mtu alifukuzwa. Alikatazwa asiguse mpira. Wajukuu zangu hawatacheza chini ya jina hilo."

"Unasema hivyo kwa sababu alikufunga mara nne," Pius akajibu, na upande wetu ukacheka.

"Alinifunga, sikatai. Ila mara ya nne aliyetufunga aliondoka uwanjani kwa machela. Hilo nalo mlicheke."

Ukumbi ukachafuka. Huyu anasema Mwalimu alimlipia nauli ya kwenda kumzika baba yake, yule anasema aliwafanya vijana wa watu kama ng'ombe wa kulimia. Mama mmoja wa Stesheni aligonga meza mpaka chai ikamwagika. Na katikati ya kelele zile, mwanangu, nikasimama mimi bibi yako.

"Mwacheni marehemu apumzike," nilisema, tena kwa sauti kubwa. "Mwalimu hakujua kama yule kijana ni mgonjwa. Daftari la zahanati ya chuo liliandikwa kwamba yuko sawa. Mlitaka afanye nini, awe daktari?"

Wa Kilimani wakapiga makofi. Nikakaa, uso unawaka moto. Katika ukumbi ule wote hakuna aliyejua kwamba daftari lile niliandika mimi.

Sikuwahi kukueleza haya, wala mama yako hayajui. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimepata mafunzo kidogo ya huduma ya kwanza, kwa hiyo chuo kikanipa kazi ya kumsaidia nesi pale zahanati, na siku za mechi nilikaa pembeni ya uwanja na kisanduku cha dawa. Mchezaji asingeingia uwanjani kama jina lake halikuandikwa kwenye daftari kwamba ni mzima. Nilijiona mtu mkubwa.

Siku tatu kabla ya fainali, mshambuliaji wetu, Elia, aligongana kichwa na beki mazoezini. Aliletwa kwangu anatapika. Nilimwonyesha vidole viwili akaniambia vinne. Nesi alikuwa amesafiri. Asubuhi ya fainali Elia alikuwa bado amelala kitanda cha zahanati, macho ameyafumba kwa sababu mwanga ulimuumiza, na Mwalimu Gervas akaingia. Hakupiga kelele. Hakunitisha. Nilimwambia, "Mwalimu, hayuko sawa." Akatazama dirishani. Nikarudia, "Mwalimu, hayuko sawa." Akasema taratibu, "Vero, wewe ni msichana mwenye akili. Andika yuko sawa."

Nikaandika.

Elia alifunga bao la ushindi dakika za mwisho, akakimbia hatua chache kuja upande wetu na mikono juu, halafu akaanguka kifudifudi. Damu ilikuwa imevujia ndani ya kichwa. Alipozinduka, siku nyingi baadaye, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yamempotea. Mkuu wa chuo aliniita akaniuliza kama Elia alionekana mgonjwa. Nikasema hapana. Miezi ikapita, wachezaji wenzake wakapata ujasiri wakasema ukweli, na Mwalimu akaanguka. Mimi hakuna aliyenigeukia. Wakuu wa chuo walimalizia kati yao kwamba binti wa zahanati alidanganywa. Nikaukubali uongo ule, nikahitimu, nikafundisha, nikaolewa, nikaja huku. Na popote Mwalimu Gervas aliposemwa vibaya, nilikuwa wa kwanza kumtetea. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba niliyekuwa nikimtetea ni mimi mwenyewe.

Turudi ukumbini. Makofi yalikuwa hayajaisha, nikaona mzee mmoja aliyekaa ukutani karibu na kipasha joto anajaribu kuinuka. Mwanamke wa makamo aliyekuwa naye alimshika kiwiko, naye akautoa mkono wake kwa upole. Tulikuwa tumemwona akiingia, tukadhani ni baba wa mtu. Alikuwa na fimbo mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umejikunja kifuani.

Moyo wangu ulijua kabla ya macho.

"Mimi," alisema. Kisha tukangoja. Maneno yake yalikuja moja moja, kila moja kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. "Mimi. Naitwa. Elia."

Mwanangu, nimeingia makanisa makubwa, nimesimama mbele ya yale maporomoko ya Niagara mnakonipeleka kila akija mgeni. Sijawahi kuusikia ukimya kama ule. Mzee Ramadhani alivua kofia. Mzee Pius aliyekuwa amesimama alikaa, akakosa kiti, akashikwa na jirani. Yule mwanamke aliyemshika kiwiko, binti yake Elia, alitueleza kwa kifupi kwamba yeye anatunza wazee katika nyumba moja huko Weston, kwamba baba yake amefika Canada tangu vuli tu, na kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyesikia habari za mkutano, akang'ang'ania aletwe kwa basi na theluji ile.

Nitakupa aliyoyasema kama nilivyoyasikia, ila wewe weka kituo baada ya kila neno, kwa maana hata yale mafupi yalimtoa jasho.

"Mmebishana saa nzima," alisema. "Mmetaja makombe. Jina langu hakuna aliyelitaja."

Akaiegemea fimbo yake.

"Gervas alinivunja. Alijua. Nilikuwa kijana, nilitaka kucheza, kichwa kimepasuka. Yeye kichwa chake kilikuwa kizima. Alijua." Akapumzika kidogo, kisha akaendelea. "Walipomfukuza, alihamia karibu na kwa mama yangu. Kila asubuhi alikuja. Mama alimtukana, alimmwagia maji. Akarudi kesho yake. Alinishika kiunoni akanifundisha kutembea. Miaka miwili. Siku nilipotembea peke yangu hadi kisimani, alilia, akaondoka, sikumwona tena."

Mama yule wa Stesheni aliyegonga meza alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

"Hakuniomba msamaha hata siku moja," Elia alisema. "Ninyi mnasema alikuwa mkubwa. Ninyi mnasema alikuwa mbaya. Mimi ninao wote wawili, humu mwilini. Msininyang'anye hata mmoja."

Nilijikuta nimesimama. Ningeweza kunyamaza, unaelewa? Nilikuwa nimenyamaza maisha yangu yote na hakuna aliyenidai. Lakini mtu yule alikuwa amepanda ngazi zote zile za maneno mbele yetu, na mimi ulimi wangu mzima ulikuwa umekaa bure.

"Elia," nilisema. "Lile daftari niliandika mimi. Niliona unaumwa, nikaandika yuko sawa. Na nilipoulizwa, nikasema uongo tena. Mimi ni Vero."

Watu wa Kilimani waligeuka wote kunitazama, na sitasahau uso wa Mzee Pius. Elia hakugeuka haraka, hawezi. Aliuzungusha mwili wote kwa fimbo mpaka akaniona vizuri.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nilikuwa nimefumba macho. Sikuwa nimelala. Nilikusikia ukimwambia hayuko sawa. Mara mbili." Akainua vidole viwili vya mkono wa kushoto, fimbo ikaegemea tumboni. "Mara mbili ulisema. Nikakushukuru moyoni. Halafu nikasikia kalamu."

Mwanangu, alikuwa ameyabeba hayo miaka zaidi ya arobaini. Na hakubeba kosa langu peke yake. Alikuwa amebeba pia zile mara mbili nilizosema kweli, ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimezitupa kwa sababu zilinifanya nijione mbaya zaidi. Nililia mbele za watu kama mtoto. Hakuja kunikumbatia. Hakusema nimekusamehe. Alisimama tu pale akiningoja nimalize, kama sisi tulivyomngoja yeye.

Mzee Ramadhani ndiye aliyepata sauti kwanza. "Ndugu Elia," alisema, bila utani wowote, "tuliite kombe jina lako."

Elia akatikisa kichwa. "Liiteni mnavyotaka. Ila pembeni ya uwanja akae mtu. Akisema mtoto hachezi, hachezi. Kocha asiwe na neno."

"Nani atakaa?" Pius akauliza.

Elia akaninyooshea fimbo. "Huyo."

Nikasema, "Mimi? Baada ya niliyofanya?"

"Wengine watajifunza," alisema. "Wewe unajua tayari."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kombe tuliliita la Kiangazi, jina lisilomkera mtu. Mwezi wa Julai nilikaa kwenye kiti cha kukunja pembeni ya uwanja huko North York, kofia kichwani, pamoja na nesi kijana aliyejitolea. Siku ya pili msichana mmoja wa Weston aligongwa kichwa, na nilipomuuliza siku gani leo akanitajia Jumatano, nayo ilikuwa Jumamosi. Kocha wake alikuja mbio. Alikuwa kijana mzuri, mpole, na timu yake ilikuwa inafungwa. "Bibi, ni mshtuko tu, mwandike yuko sawa," aliniambia. Nikamwambia hayuko sawa. Akasema tena. Nikamwambia tena. Msichana akapelekwa hospitali, timu yake ikafungwa, kocha hakunisemesha siku nzima. Jioni akaja kunishika mkono, macho yake mekundu, akasema daktari amewaambia walifanya vyema kumleta.

Juzi ulinipigia simu kwa furaha kwamba umepata nafasi ya kuhudumia wachezaji wa chuo chako, na ukanisimulia jinsi kila mtu anavyompenda kocha wenu. Nilifurahi pamoja nawe, kisha usingizi ukanikimbia. Ndiyo maana nimekuita leo nikasema ukae.

Mpende mwalimu wako, lakini usimpe dhamiri yako akushikie. Atakayekuponza huenda asiwe mtu wa kupiga kelele. Anaweza kuwa mtu unayemheshimu, anayekuambia kwa upole kwamba una akili. Ukisema kweli mara mbili, isimamie na mara ya tatu, hapo ndipo penyewe. Na ukiwa tayari umekosea, usijifiche nyuma ya sifa za mkubwa aliyekukosesha. Nenda kwa uliyemwumiza angali hai, useme jina lako. Usimdai msamaha. Mpe ukweli wake, ni mali yake. Na utakapowasikia watu wakibishania ukubwa wa mtu fulani, wewe uliza kwanza ni nani aliyeumia, na anaitwa nani.

Mungu akupe mkono usioandika uongo, mwanangu. Akupe moyo wa kubaki peke yako pale itakapobidi, na watu wa kukufuta machozi baadaye. Uzeeke ukiwa na usingizi mtamu kuliko wangu, na watakaokusikiliza wakukute huna la kuwaficha. Amina.