Bei ya Mtu Asiye na Mzigo

Mimi nimepanda bembea ya umeme na nimepanda boti kwa starehe, yote mawili ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo mtu akianza kubishana nami ni matembezi gani yanastahili gharama yake, namwambia akae chini anisikilize. Wengi wanaobishana wamefanya moja tu, au hawajafanya lolote, wameona picha kwenye kalenda. Mimi nililipa, na nilijua kila noti ilitoka kwenye kitunga gani cha samaki.

Ilikuwa Nchelenge, upande wa Zambia wa ziwa Mweru, mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati vita vya Kongo, ng'ambo ya maji, vilipokuwa vimeanza kutuletea watu na masufuria yao kichwani. Sisi tulikuwa tumevuka zamani. Mama yangu alizaliwa upande wa Kongo, akaja Zambia kufuata biashara ya samaki na hakurudi. Alikuwa akinunua chisense, wale dagaa wadogo wanaoanikwa mchangani, kwenye kambi za kisiwa cha Chisenga, kisha anawauzia wenye malori. Kwa kazi hiyo alinilea mimi na yaya yangu, yaani kaka mkubwa, ambaye baadaye alipata kazi mjini Ndola na kuanza kuvaa soksi kila siku.

Mwaka huo mama alianguka gatini akiwa na gunia mgongoni. Nyonga ilipona kiasi, lakini daktari alisema asibebe tena kitu chochote kizito kuliko sahani. Yaya alikuja kumwona, mimi naye tukaamua papo hapo: mimi nitaendesha biashara, mama atapumzika. Tulijiona watoto wema sana. Mama hakubisha. Aliketi kwenye mkeka wake, akaugeukia ukuta, na tangu hapo kila sahani niliyompelekea ilirudi karibu vile ilivyokwenda. Nilipomuuliza anaumwa wapi, alisema haumwi popote.

"Mi nilisha kuisha," alisema, kwa sauti ya mtu anayekuarifu kwamba chumvi imekwisha.

Niliogopa, na sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa nimemwona jirani yetu, mwanamke hodari wa sokoni, akikalishwa nyumbani na wanawe kwa upendo huo huo, na mvua za mwaka ule hazikukatika kabla hatujamzika. Nikamtuma dereva wa lori amwambie yaya kwamba mama anatuponyoka. Jibu lilirudi na dereva yule yule. Nimlete Ndola. Kuna watu wameleta bembea za umeme kwa ajili ya sikukuu, wamezisimamisha nyuma ya soko, magurudumu marefu kuliko nyumba, viti vinavyoruka kwa minyororo. Yaya alikuwa na hakika kwamba hakuna binadamu anayeweza kununa akiwa juu ya mashine ya namna ile.

Nilikubali upesi, maana ziwa lilikuwa limefungwa. Kila mwaka, kuanzia Desemba, serikali inakataza kuvua ili samaki wazaane, na ndiyo miezi pekee ambayo sisi watu wa Mweru tuna nafasi ya kwenda popote. Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo hakuna mwingine angelifanya. Miezi ambayo ziwa limefungwa ndiyo miezi ya mvua kubwa. Mtu mwingine yeyote anajua kwamba huendi kutembea katikati ya masika, lakini sisi kwetu mvua ndiyo likizo yenyewe, na yaya, pamoja na soksi zake zote, bado alikuwa mtoto wa ziwani. Hakuna aliyewaza.

Safari ilitugharimu. Basi lilizunguka mbali kupitia Serenje, kwa sababu barabara ya mkato inapita Kongo na siku hizo hatukutaka kuonana na wanajeshi wa mtu. Mimi huhesabu kwa vitunga, siyo kwa kwacha, maana kwacha ilikuwa inabadilika kila ukiitazama. Nauli peke yake ilikula vitunga vyote nilivyokuwa nimeviweka kwa ajili ya mabati ya jikoni. Kule mjini maji yalinunuliwa, choo kililipiwa, na hata kiti cha kusubiria bembea kilikuwa na mwenyewe.

Na mvua ilinyesha. Kila ilipoanza, mwenye mashine alifunika mota kwa turubai, nasi sote tukakimbilia vibarazani mwa soko tukiwa tumeshika tiketi ambazo hazirudishwi. Ilipokatika tulirudi kwenye tope. Lakini sitaisema bembea vibaya. Nilipanda lile gurudumu kubwa, kisha viti vya minyororo, kisha gurudumu tena, na nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Nilikuwa mwanamke mwenye watoto, mwenye madeni, mwenye mama anayefifia, na kwa muda wa mzunguko mmoja sikuwa na chochote kati ya hivyo. Ile ni thamani. Anayesema bembea ni upuuzi hajawahi kuchoka.

Mama alikaa kwenye benchi akilinda mifuko yetu. Yaya alimnunulia tiketi, akamwekea mkononi. Mama aliigeuza huku na huku.

"Ile mashini inaenda wapi?" aliuliza.

Yaya akamwambia inazunguka tu.

"Na kisha?"

"Na kisha unashuka, mama."

"Pale pale?"

Yaya alikubali kwamba ni pale pale. Mama akamrudishia tiketi yake kwa adabu, kama unavyorudisha samaki aliyeanza kunuka bila kutaka kumwaibisha mwenye meza. Yaya aliumia. Nilimwona akitazama pembeni, na nikamkasirikia mama kwa sababu yaya alikuwa ametumia nusu ya mshahara wake kwa ajili yetu, na nikamkasirikia yaya kwa sababu hakujua la kufanya, na nikajikasirikia mimi kwa sababu nilitaka kupanda mara nyingine.

Kilichobadilisha mambo kilikuja siku moja kabla ya kurudi, bila mtu kukipanga. Mama alikuwa amejipatia ukuta wake huko Ndola pia, nyuma ya kochi la yaya. Televisheni ilikuwa imewashwa, na ikaonyeshwa meli, kubwa kama mtaa, imejaa wazungu waliolala kwenye viti virefu juani. Mama aligeuka.

"Bale batu, mizigo yabo iko wapi?"

Yaya akamweleza kwamba hawana mizigo. Ni watu waliopanda ili kukaa tu, meli iwatembeze majini, iwalishe, iwarudishe kwao.

"Na banalipa?"

"Banalipa, mama. Feza mingi sana."

Mama aliitazama ile meli mpaka picha ikabadilika. "Basi iko bei," alisema. Ndani ya basi nilimuuliza kwa nini ameitamani meli na kuidharau bembea, wakati zote mbili zinakurudisha ulikotoka. Alinijibu kwamba kwenye bembea wanakufunga kwa mnyororo kama mbuzi. Nilifurahi kupata jibu lolote.

Machi ziwa lilifunguliwa, nami nikazama kwenye kazi. Asubuhi moja nilimkuta mama amesimama mlangoni, amefunga kitenge chake kizuri, amejipaka mafuta usoni. Alitaka kwenda Chisenga na kurudi, kama wale wazungu. Nilimwambia vema, nami nitachukua unga na sabuni nikabadilishe na samaki, safari ijilipe yenyewe. Alikataa. Wale kwenye meli hawakuwa na magunia. Tutaenda mikono mitupu au hatuendi. Nilibishana naye kwa akili zangu zote za biashara, akaketi tena kwenye mkeka na kuutazama ukuta, na nikakubali haraka sana.

Sijui nikuelezeje ilivyokuwa kuteremka gatini bila kubeba kitu. Nilihisi kama nimesahau nguo. Mikono sikujua niiweke wapi. Watu walitutazama, na mwanamke mmoja akaniuliza kwa kunong'ona kama tunamkimbia mtu.

Mwenye boti alikuwa Mzambia, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliyembebea mama samaki miaka yote ile. Nyumbani alisema Kibemba, lakini gatini alisema Kiswahili chetu kama wafanyabiashara wote, ila mama alimwita bamayo, yaani mama kwa Kibemba. Alimwona mama, akafurahi kwa dhati, akamuuliza mzigo uko wapi.

"Muzigo hakuna. Leo niko natembea tu," mama alimjibu. "Ni bei gani?"

Yule mtu alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaona si utani, akapaswa kumweleza jambo ambalo mama alilijua kuliko yeye. Kwenye boti zetu nauli ni ya mzigo. Unalipia gunia lako, unalipia kitunga chako, na wewe mwenyewe unakaa juu yake.

"Muzigo njo inalipaka, bamayo. Mutu anafuata tu. Mutu peke yake hana bei. Pandeni."

Mimi nilimshukuru Mungu. Safari ya bila malipo! Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja ndani ya boti nilipoona kwamba mama hajasogea.

"Gunia ya bunga inalipaka?" aliuliza.

Inalipa, bamayo.

"Na sabuni?"

Na sabuni.

"Na kuku?"

Yule mtu alikubali, taratibu, kwamba hata kuku analipiwa.

"Basi kuku iko na bei, na mimi sina?"

Abiria waliokwisha kukaa botini wakageuka. Nilimtazama mama yangu, na hapo ndipo nilipoelewa ni kitu gani kilichokuwa kimemgeuzia uso ukutani miezi yote ile. Machozi yalinijia nikayazuia, kwa sababu mwenye boti tayari alikuwa anajikuna kichwa kutafuta bei, na abiria wote walikuwa wameanza kumsaidia.

Mmoja alisema atozwe kama gunia la muhogo. Mwingine akasema hapana, muhogo haukai wima, atozwe kama nusu pipa la dizeli. Mwenye boti, kwa heshima, akataja kiasi kidogo sana. Mama alimtazama tu. Akapandisha. Mama akaendelea kumtazama. Miaka yote nilimwona mama akishusha bei za watu mpaka wanalia, na sasa alisimama pale gatini akijipandishia bei yake mwenyewe, hatua kwa hatua. Nilimfinya mkono, akautoa mkono wake. Hakuridhika mpaka mwenye boti alipotaja bei ya gunia zima la chisense lililoshindiliwa, mzigo wa gharama kuliko wote. Hapo akafungua fundo la kitenge chake na kulipa kwa noti zake mwenyewe.

Kisha yule mtu akanigeukia mimi. Mama akaingilia kati kabla sijafungua mdomo.

"Uyu ni mwepesi," alisema. "Umupe bei ya sabuni."

Nililipa bei ya sabuni, na watu walicheka safari nzima. Mama alikaa katikati, mahali pa mizigo, ameweka mikono mapajani. Miaka yote alivuka maji yale akitazama kamba za magunia na maji yaliyojikusanya chini ya boti. Siku hiyo alitazama nje. Aliniuliza jina la ndege ambao wamekuwa wakituzunguka maisha yetu yote, nami sikulijua. Alinionyesha vilima vya upande wa Kongo, akasema walikotoka wazazi wake ni nyuma ya kile cha tatu, jambo ambalo hakuwahi kuniambia.

Basi hii ndiyo hukumu yangu, na sijasikia ya kuishinda. Ukitaka kusahau wewe ni nani, nenda kwenye bembea, lipa, piga kelele, utarudi umepumzika. Inagharimu sana na inastahili, mradi usiende wakati wa mvua. Ukitaka kukumbuka wewe ni nani, panda boti bila mzigo, lakini usikubali kupandishwa bila malipo. Kwa hesabu ya vitunga, safari ya Chisenga haikufikia hata nauli ya basi mpaka Mansa, mji wa njiani tu kwenda Ndola.

Tulipofika, wanawake wa kambi waliingia majini hadi magotini, kama wanavyofanya kila boti ikifika, mikono juu tayari kupokea. Walimfahamu mama wote. Baadhi yao walikuwa wameambiwa amekufa. Waliita, wakagonga mbao za boti, wakamuuliza ameleta nini, nao walikuwa bado wanachungulia nyuma yake kutafuta magunia.

"Nimeleta mimi," aliwaambia. "Munishushe."

Wawili walishikana mikono wakafanya kiti, wengine wakamshika mgongoni, wakamwinua juu ya ukingo. Mguu wake ukagonga ubao.

"Polepole," mama alisema. "Hii muzigo imelipiwa."

Wakamfikisha mchangani, wakamsimamisha. Akajikung'uta kitenge, akawatazama mmoja mmoja, akauliza nani kati yao amepika.