Sufu Iliyoishia Mwanga wa Tochi

Umetazama pembeni. Usimsingizie jirani, nakusema wewe. Kila siku unakanyaga sakafu ya mbao, unasikia baridi ikikupanda nyayoni, na hujawahi kupiga magoti kuangalia chini yake.

Saa mbili asubuhi, ukungu wa mji wetu wa Tokoroa bado umelalia nyasi. Ngāmata Tuakeu, mwenye miaka arobaini na saba, yuko chali chini ya nyumba ya Mama Tepaeru. Anakisukuma kipande cha sufu ya kuzuia baridi kati ya boriti mbili, polepole, kwa kiganja, mpaka kiguse mbao.

"Kikining'inia, upepo unapita juu yake," anasema. "Hapo umewapa panya godoro tu."

Juu yake kina mama wanashona tīvaevae, yale mablanketi ya viraka vya maua, na kuimba. Mwanga unapenya kwenye nyufa, mwembamba kama uzi, na vumbi linaelea ndani yake bila haraka. Ngāmata husema kuwa huko chini hujiona amezama katika maji ya kisiwani kwao Rarotonga, na watu wanaogelea juu yake wasijue yupo.

Kisigino cha Mama Tepaeru kinagonga sakafu. "Ngāmata, umelala huko?"

"Nimekufa, mama. Endeleeni na wimbo."

"Ukifa, nani atakuvuta na makalio hayo? Mlango wenyewe kama wa banda la kuku."

Kicheko kinatembea juu ya mbao. Kisha kinazimika, kwa sababu chumba cha pembeni ni cha Teina, mjukuu wa Mama Tepaeru. Ana miaka minne. Kifua kimemlaza hospitali mara tatu tangu baridi ianze, na Ijumaa anatoka huko kurudi nyumbani. Muuguzi ameshaonya: asilale tena kwenye chumba kile. Asubuhi kipimajoto cha humo chumbani husoma nyuzi tisa.

Cheti cha mwenye nyumba, anayempangisha Mama Tepaeru, kinasema sakafu yote ina sufu. Vipo vipande kumi na viwili, vyote karibu na mlango wa chini. Mkaguzi alipiga magoti, akamulika, akaona sufu, akatia sahihi. Mbele ya hapo ni mbao tupu. Na kwa kuwa cheti kipo, nyumba hii haihesabiwi miongoni mwa zinazostahili msaada wa kuwekewa sufu.

Aliyeviweka ni Ngāmata mwenyewe.

"Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii ya sufu," anasema, macho kwenye boriti. "Bosi aliniambia, weka mpaka mwanga wa tochi unapoishia. Niliweka. Nyumba saba."

Leo, kabla ya kuingia chini, alimwambia Mama Tepaeru.

"Aliinjika birika mpaka likachemka. Halafu akaniuliza kama nimekula."

Mimi ninayeandika haya sina upole wa Mama Tepaeru. Nakumbuka baba zetu waliopasua mbao hizi kiwandani wakaambiwa zitawatunza uzeeni. Nakumbuka mazishi ya kila Agosti, baridi inapouma zaidi, na jinsi tulivyosema ni mapenzi ya Mungu.

Sufu ya leo ni mabaki ambayo Ngāmata ameyakusanya kazini kwa miezi mitano. Inatosha chumba cha Teina tu. Saa saba mchana anatoka, unga wa mbao kwenye nyusi, anapewa chai na maandazi.

"Masanduku yamejaa tīvaevae," anamtania mwenyeji wake, "na mtoto analala amefunikwa makoti."

"Hizo ni za arusi na za maiti. Wewe ya arusi ulishapata, zamu yako ya pili inakaribia. Kunywa chai."

Ngāmata anacheka, kisha anakunja mikono. Ameandika barua kwa halmashauri, akataja nyumba zote saba na jina lake mwenyewe. Anajua atafukuzwa kazi. "Nataka kurudi chini ya zote," anasema, "nifike mpaka pembe ya mwisho."

Barua ya mtu mmoja hutupwa. Kwa hiyo funga gazeti hili sasa hivi. Fungua mlango wa chini ya nyumba unayopanga, ingia kwa tumbo mpaka ukuta wa mwisho, uandike ulichokikuta. Alhamisi saa nne asubuhi uwe kwenye ukumbi wa halmashauri, karatasi mkononi. Ijumaa Teina anarudi.