Maputo ya Siku ya Hesabu

Asubuhi ile ya Oktoba Bi Verlene Pettway, mpishi wa shule, alikuwa ameshafuta meza ileile mara kadhaa, na mkono bado ulitaka kufuta. Ilikuwa Siku ya Hesabu. Jimbo la Michigan huilipa shule kwa kichwa cha kila mtoto aliyeketi darasani siku hiyo, basi Detroit nzima hugombea vichwa kama wanunuzi mnadani. Zamani mwalimu alimjua mtoto kwa jina la bibi yake. Hayo yamekwenda na maji.

Shule yao ilikuwa ndogo, ya watoto wenye usonji na wenzao wazito wa kusema: wengi weusi, Wayemeni wachache, Mpolandi mmoja, wavulana tele, wasichana wa kuhesabu kwa vidole. Bodi ilishatamka: wakiwa chini ya arobaini, mlango unafungwa. Hapo Ardis, mjukuu wa Bi Verlene, angerudishwa ile shule kubwa aliyoitoroka, akakutwa katikati ya barabara kuu, magari yakimkwepa.

Kowalczyk, mwalimu mkuu kijana, aliiga shule za jirani: pizza, maputo mlangoni, kikundi cha ngoma.

"Ngoma, mwanangu?" Bi Verlene alimuuliza. "Kwa watoto hawa?"

"Shule zote zinafanya, Bi Verlene. Watoto wanapenda sherehe."

"Watoto wa nani?"

Mabasi yalipofika, ngoma zikalia. Watoto waliingia wameziba masikio, wengine wakipiga mayowe. Yule mtoto Mpolandi akajifungia chooni. Hao angalau walikuwa ndani. Ardis alikumbatia kiti cha basi, hashuki.

"Verlene!" dereva Otha aliita. "Huyu wako kanata kama gundi!"

Katibu akatoka mbio. "Thelathini na tisa! Kabaki huyo tu, na muda unakwisha!"

Kowalczyk akanyoosha mikono ambebe.

"Mguse," Bi Verlene alisema, "kisha ukamtafute Ohio, jimbo la pili."

Akaingia ndani, akasimama mbele ya wapiga ngoma. "Wanangu, mnapiga vizuri. Sasa kaleni pizza, na nisisikie hata kijiko."

Kimya kikashuka. Yakabaki maputo mlangoni, yakisuguana na kulia kwi-kwi. Kowalczyk akachomoa kalamu ayapasue.

"Lo! Ualimu ulisomea wapi wewe?" Bi Verlene akamnyang'anya kalamu. Akafungua kamba kwa vidole vyake vya baridi yabisi, fundo baada ya fundo, mpaka maputo yote yakapaa juu ya paa bila sauti.

Ardis akainua uso dirishani, akayafuata kwa macho hadi yakawa vidoa. Kisha akashuka mwenyewe, akawapita kana kwamba hawapo, akaenda kuketi kwenye dawati lake.

"Tumetimia!" Kowalczyk alisema, machozi yakimlengalenga. "Bi Verlene, tumeokoka!"

"Mpaka Februari," alijibu. "Wanahesabu tena."

Akarudi jikoni, akatafuta kitambaa, akaanza kufuta meza.