Node Ilisema Iko Sawa, Chai Ikiwa Mezani

Wakuu, heshima kwenu. Hii sikusimuliwa, nilikuwepo. Mwenye haraka apite tu.

Miaka ya tisini nilikuwa msaidizi kwenye lab ya chuo kimoja hapa Nyeri mjini. Aliyeiongoza ni Macharia, mtu wa Wamagana. Alikuwa ameunganisha kompyuta kuukuu zikawa zinafanya hesabu moja pamoja, kama watu wanaochuma kahawa shamba moja.

Cluster, wakuu! Wakati wengi wetu bado tunashangaa floppy.

Kwa wasiojua: kila node, yaani kila kompyuta ya kundi hilo, ikiwaka inajikagua, inahesabu memory yake, halafu inaripoti kwa mashine kuu iko na nini. Mashine kuu haiendi kuhakikisha. Inagawa kazi kulingana na ripoti.

Zile zetu zilihesabu polepole mpaka unachoka. Ukibonyeza Esc zinaruka ukaguzi, lakini ripoti inatoka vilevile, memory kamili.

Sasa wakaja wageni wa kuamua kama lab itaendelea au itafungwa. Baada ya maombi, Macharia akawasha. Namba zikaanza kupanda kwenye screen, polepole.

Principal akaona aibu. Kwetu mgeni hangojeshwi chai ikishamiminwa.

"Macharia, ruka hiyo maneno. Wageni wamechoka."

"Mwalimu, wacha imalize. Kuna moja siamini, jana ilizima yenyewe."

"Ati wageni wangojee mashine?"

Macharia akabonyeza Esc. Ungefanya nini, na huyo ndiye bosi?

Node zote zikaripoti ziko sawa. Mashine kuu ikaamini, ikagawa kazi. Kidogo tu ile moja ikaganda, na hesabu yote ikaganda nayo.

Wageni wakanywa chai, wakashukuru, wakaenda. Lab ikafungwa na Macharia akapoteza kazi. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Baadaye nikamtembelea Macharia kwao Wamagana. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia.

"Uko aje, mzee?"

"Niko sawa tu. Mungu ni mwema."

Mke wake akaleta chai. Sikuigusa. Nikaketi kando ya Macharia, nikangoja.

Chai ilikuwa imepoa kabisa aliposema, "Kusema ukweli, siko sawa. Hata kulala silali."

Nilichojifunza, wakuu: "niko sawa" ni ripoti tu. Mpe mtu nafasi amalize kuhesabu.

Wewe ni nani amekwambia hivyo wiki hii, ukaamini? Nawasoma hapa chini.