Mlango Ambao Wakili Battle Hakuwahi Kuupita

Barua ya mahakama ilimkuta Ezell Battle ana miaka sabini na minne, ofisi ameshaifunga, na kazi yake kubwa ni kumsumbua mkewe. Aliisoma palepale kwenye sanduku la barua kando ya barabara, kisha akaingia jikoni akiimba wimbo wa kanisani kwa ile sauti ambayo kwaya ilishamwomba aipumzishe.

“Ouida! Nimeitwa!”

“Na nani? Na Mungu?”

“Na mahakama. Kwenye jopo la raia wa kuamua kesi.”

Mkewe aligeuza kipande cha kuku kikaangoni bila haraka. “Watakukata jina kabla ya chakula cha mchana. Nitapika vya watu wawili kama kawaida.”

Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa ya kweli. Kwa miaka arobaini na sita Battle alikuwa amesimama mbele ya watu kumi na wawili wa Kaunti ya Larkin, wakulima, wasusi, madereva wa malori, akawaomba wamwachie huru huyu au yule. Kisha watu hao waliinuka, wakapita mlango wa mbao ulio nyuma ya kiti cha jaji, nao ukafungwa. Yeye alibaki nje akitafuna peremende na kujifanya hana wasiwasi. Ndani ya chumba kile hakuwahi kutia mguu. Hakuna upande unaomwacha wakili akae kwenye jopo, kwa kuwa atawageuza wenzake kondoo. Yeye mwenyewe alikuwa amekata majina ya mawakili wangapi, na ya walimu, na ya wachungaji wote isipokuwa waliokuwa viziwi! Mkuki kwa nguruwe.

Tena alikuwa na swali lake. Mwaka 1987 duka la mjomba wake Ouida liliteketea, na fundi mmoja aliyeitwa Roosevelt Dansby akashtakiwa kwa kulichoma. Battle aliamini kwamba Dansby hana hatia, akamtetea, na ukoo mzima wa mkewe ukamfungia milango. Siku ya mwisho alihutubia saa nzima na dakika kumi. Jopo likaingia chumbani, likatoka baada ya dakika ishirini: hana hatia. Tangu hapo hotuba ile ilisomwa upya kwenye harusi, kwenye matanga, na kwenye kampeni zake mbili za useneta wa jimbo, ambazo zote alishindwa vibaya. Battle alikuwa na hakika kwamba sentensi moja, ile ya majivu, ndiyo iliyowashinda watu wale. Lakini hakika ya wakili si ushahidi, na kabla ya kufa alitaka kujua jambo hili moja: wakishaufunga mlango, huwa wanasema nini?

Jumatatu alivaa suti yake ya buluu, akakaa kwenye benchi pamoja na watu thelathini na tano walioitwa. Kesi yenyewe ilikuwa ya mbwa. Bwana mmoja alishtakiwa kwa kumwiba mbwa wa uwindaji wa jirani yake, na mshtakiwa akasema mbwa alikuja mwenyewe, akala, akaamua kubaki.

Mwendesha mashtaka alikuwa Whitney Haddock, mwanamke mkali ambaye Battle alimshinda mara kumi na moja na hakuacha kumkumbusha. Mtetezi alikuwa Marcus Tunstall, aliyejifunzia kazi ofisini kwa Battle, na ambaye siku moja Battle alilitupa faili lake nje ya dirisha.

Haddock ndiye aliyeanza kumhoji. “Mzee Battle, je, una msimamo wowote ambao jaji anapaswa kuujua?”

“Ninayo mingi, mama. Nina msimamo juu ya gavana, juu ya barabara ya mtoni, na juu ya mahubiri ya mchungaji wetu, ambayo yangeweza kuisha nusu saa mapema. Juu ya mbwa huyu sina.”

Watu walicheka. Jaji akagonga meza, huku naye akijizuia.

“Na watu wa kaunti hii?” akauliza Tunstall. “Unaweza kukaa nao na kuwasikiliza?”

“Mara mbili nimewaomba kura, mara mbili wamenikatalia. Siwezi kusema hawana akili.”

Kisha likaja zoezi la kukata majina. Katika mahakama ile orodha hupita kutoka meza hii kwenda ile, kila upande ukikata jina moja kwa zamu, mpaka wabaki kumi na wawili. Battle alilijua zoezi hili kama anavyojua kufunga tai, na aliona mikono yao ikienda. Haddock hakumkata, maana alijua kwamba Tunstall, mwenye kisa cha dirisha, hatakubali kumwona pale. Tunstall naye hakumkata. Kwa nini apoteze zamu, wakati Haddock ana vidonda kumi na kimoja? Wakaendelea hivyo, kila mmoja akimwachia mwenzake kazi ya kumkata Battle. Haddock alikata jina lake la mwisho, la mwuza bima. Tunstall akakata lake la mwisho, la dada mmoja wa posta. Karani akasoma orodha, na jina la saba lilikuwa Ezell Battle.

Mawakili wawili walitazamana kama watu waliosahau mtoto kanisani, kila mmoja akidhani yuko kwenye gari la mwenzake. Battle aliinama kujifunga kamba ya kiatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Alikuwa na furaha mpaka akaona haya.

Kesi iliisha kesho yake saa nane mchana, na hatimaye mlango wa mbao ukamfungukia. Ndani kulikuwa na meza ndefu, viti visivyolingana, birika la kahawa, na kalenda ya mwaka juzi. Hayo tu. Battle alikaa, akanyoosha tai, akasubiri kwa unyenyekevu achaguliwe kuwa mkuu wa jopo.

Walimchagua Bi Icie Lee Moultrie, mama wa miaka themanini aliyepika shuleni kwa miaka thelathini.

“Mdogo wangu,” alimwambia Battle, “wewe umeshasema sana katika jengo hili. Leo utapumzika.”

“Ndiyo, dada.”

Na kweli alinyamaza, ingawa alilazimika kujaza mdomo peremende. Alichosikia kilimshangaza. Hakuna aliyetaja hotuba ya Haddock wala ya Tunstall. Dereva mmoja alisema mwenye mbwa alipoonyeshwa picha ya mbwa hakuitazama hata mara moja. Msusi akasema mshtakiwa aliitazama picha ile mpaka machozi yakamlenga. Wakabishana, wakasoma tena maelezo ya jaji mstari kwa mstari, wakapima ushahidi kwa umakini ambao Battle hakuwahi kuwadhania. Baada ya saa moja walikubaliana wote: mashtaka hayakuthibitishwa.

Walipokuwa wakisubiri kuitwa, Battle hakuweza kujizuia tena.

“Hivi ile hotuba ya Tunstall hamkuiona nzuri?”

“Ipi?” aliuliza dereva.

Bi Icie Lee alicheka mpaka akashika ubavu. “Unaumia, Ezell? Mimi nilikuwa kwenye jopo la Dansby.”

Battle alisogeza kiti karibu. “Najua, dada. Kiti cha nne. Miaka yote nimeona haya kukuuliza. Basi niambie. Ni ile sentensi ya majivu?”

“Majivu gani? Mdogo wangu, ilikuwa imeshapita saa sita na nilikuwa na njaa. Hotuba yako ilikuwa tamu, lakini sisi tulikuwa tunatazama nyuma yako.”

“Nyuma yangu kulikuwa na nini?”

“Mkeo.”

Battle hakuelewa. Siku ile alimwomba Ouida abaki nyumbani, amani ya ukoo isizidi kuvunjika.

“Uliposimama tu mbele yetu, aliingia,” alisema Bi Icie Lee. “Akalipita benchi la ndugu zake, mjomba wake akimwita jina kwa kunong'ona. Akaenda kukaa na mama yake Dansby, akamshika mkono, hakuuachia mpaka ulipomaliza, kisha akatoka kabla hujageuka. Humu ndani tuliupitia ushahidi wote, ulikuwa mwepesi. Lakini mmoja wetu alikuwa bado anasitasita. Nikamwambia, yule ni damu ya aliyeunguliwa, na anaijua familia yake kuliko sisi. Kama yeye amekaa kule, wewe unaogopa nini?”

Battle alirudi nyumbani akiendesha polepole hivi kwamba trekta lilimpita. Ouida alikuwa jikoni, ameandaa sahani mbili.

Kanuni ya kwanza aliyowafundisha vijana wote wa ofisini kwake ni kwamba wakili hamwulizi shahidi swali ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaivunja.

“Kwa nini hukuniambia ulikuja siku ya Dansby?”

Ouida hakushtuka. Alifuta mikono kwenye aproni.

“Ulirudi unacheka. Ukaninyanyua hapa hapa ukanizungusha mpaka kiatu kikaingia kwenye sufuria la mboga. Ningeanzia wapi?”

“Mjomba wako hakukusalimia tena mpaka alipokufa.”

“Najua, Ezell. Salamu alizoninyima zilikuwa zangu kuzipoteza, si zako.”

Battle alimkumbatia, akalia kidogo, akacheka sana. Kuku alipoa.

Jumapili, kwenye chakula cha kanisa, mtu aliomba hotuba ya Dansby. Waliozoea walivuta viti wakae vizuri, watoto wakakimbilia nje. Battle aliinuka. Safari hii aliwapa watu mgongo, akamgeukia mkewe, akasimama hivyo. Meza moja baada ya nyingine, watu wakanyoosha shingo.

“Wewe mzee, geuka,” alinong'ona Ouida. “Watu wako kule.”

“Najua walipo,” alisema Battle. “Mimi natazama kile ambacho jopo lilikuwa linatazama.”