Paa Linalogawa Mvua

Nyumba yangu imeipa barabara ubavu, na wengi wanaopita wakitoka soko la Ikonge hudhani fundi alikuwa amelewa. Hakuwa amelewa. Mimi ndiye niliyemwambia aiweke hivyo, na kama ningejenga tena leo ningeiweka hivyo hivyo. Chini ya mgongo wa paa langu, kutoka ukuta wa jikoni mpaka ukuta wa sebule, unapita mstari ambao macho hayauoni. Mvua inayoanguka kusini mwa mstari huo huteremkia vijito vinavyolisha mto Gucha. Inayoanguka kaskazini huenda mto Sondu. Matone mawili yanayoshuka kutoka wingu moja yanaweza kugusa bati langu kwa umbali wa kiganja na yasionane tena mpaka ziwani. Najua zipo nyumba nyingine zilizokalia mpaka huo wa maji, lakini wenyewe walijenga tu, bila kujua. Yangu ilipimwa.

Mimi ni mpimaji ardhi mwenye diploma. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa kwetu hulisema mwishoni, kwa sauti ya chini, kama wanaungama. Karo ya chuo niliitafuta mwenyewe kwa kununua mikungu ya ndizi mashambani na kuisukuma kwa baiskeli hadi Kisii mjini, kabla ya pikipiki kujaa barabarani. Sikuchangiwa na mtu. Baada ya chuo nilikwenda Ghuba, nikapima barabara kwenye jangwa ambako mvua ikinyesha watu hutoka nje kuipiga picha. Huko ndiko nilikoanza kuifikiria mvua ya kwetu, inayokuja karibu kila alasiri na hakuna anayejisumbua kuuliza inakwenda wapi.

Baba hakuwahi kuupenda upimaji. Siku nilipomwambia nimepata nafasi chuoni alikuwa katikati ya chai, kikapu mgongoni, na mikono yake haikuacha kuchuma. Hakukasirika. Alicheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Utapima mashamba ya watu mpaka uzeeke," alisema, "na wewe mwenyewe huna hata pa kufungia mbuzi."

Maneno hayo nilikwenda nayo Ghuba na nikarudi nayo. Niliporudi, nilinunua kipande cha juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima, kinachopakana na shamba la baba kwa upande wa juu. Watu wengi hawakukitaka kwa sababu ya upepo na mvua ya mawe, na kwa sababu kisima kiko mbali. Nilitoa darubini yangu ya kupimia usawa, mke wangu akanishikia ile fimbo ndefu yenye alama, tukapanda na kushuka kati ya migomba mpaka nikaupata mstari. Majirani, waliokwisha kuniita Mwarabu, walisema nimerudi na wazimu. Nilijenga nyumba ambayo hakuna aliyekuwa ameiona upande huu wa mlima, na nilijua vizuri ninamjengea nani. Nilitaka baba aione, na aseme neno. Basi.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Kwetu kuna kitu tunachokiita ensoni, haya na heshima kwa pamoja, na mahali pake hasa ni kati ya mzazi na mtoto aliyeoa. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe mwenye mke. Havuki mlango, haketi sebuleni, na mvua ikimkuta uani atasimama chini ya mti. Nililijua hilo tangu utotoni. Lakini nilipochora ramani ya nyumba nilimwekea baba chumba cha chini, chenye mlango mpana na choo chenye vyuma vya kushikilia, kwa sababu magoti yake yamechoka. Nilidhani kwa mtu aliyesafiri, tena kwa nyumba yenye vigae, mambo hayo yangelegea kidogo. Mke wangu, ambaye hakusafiri, aliuliza swali moja tu: "Na hicho chumba utamlaza nani?"

Siku ya kubariki nyumba kanisa lilijaa uani. Akina mama waliingia, wakagusa kuta, wakafungua na kufunga mifereji ya maji. Kama mama yangu angekuwa hai, angezunguka vyumba vyote na jioni angemsimulia baba kila kitu. Lakini alifariki nikiwa Ghuba. Baba aliketi nje chini ya turubai pamoja na rika lake mmoja, mzee mwenye mdomo usio na mlango, ambaye kwa kuwa ni rika la baba naye ni baba yangu na haruhusiwi kuingia vilevile.

"Nyumba yote hii," mzee huyo alisema alipopokea sahani, "na sisi tunalishwa nje kama mbuzi wa mahari."

"Kula," baba akamjibu.

Niliinama kati yao na kuwaeleza habari ya paa. Nilieleza vizuri, kama mtu aliyefundishwa. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mkono.

"Gucha inaenda ziwani," alisema. "Sondu inaenda ziwani. Sasa umegawa nini?"

Rika lake alicheka mpaka akapaliwa na wali.

Siwezi kusema baba alikosea. Mito yote miwili huishia katika ziwa moja, na ziwa humwagia Nile, na Nile huvuka nchi za watu mpaka bahari ya Misri. Kila mto aliowahi kuuvuka maishani mwake, kuanzia vijito vya nyumbani mpaka ile ya Kericho alikochuma chai ya wazungu akiwa kijana, huenda huko huko. Ndipo nilipoamua kumwonyesha mpaka wa maji mkubwa kuliko wangu. Kama hawezi kuingia nyumbani mwangu, basi ataingia garini mwangu, na ataona ninachokijua.

Nilimuuliza kwanza kama ensoni inakataza gari. Alisema gari ni kama punda, na mtu anaweza kumpanda punda wa mwanawe. Akaketi kiti cha nyuma, kofia magotini, tukaondoka asubuhi ya Jumapili.

Tulishukia Sondu. Kwenye daraja nilipunguza mwendo. Mto ulikuwa umejaa na rangi yake ilikuwa ya matope mekundu.

"Hii ndiyo nusu ya nyumba yako?" aliuliza.

"Ile ya kaskazini, tata," nilimjibu, kwa neno letu la kumwita baba.

"Imechafuka."

Tulifika Kericho. Aliniomba nisimame mahali fulani kando ya mashamba makubwa, akatazama mistari ya nyumba za wafanyakazi na mashine iliyokuwa ikinyoa chai mahali ambapo zamani wangekuwa watu. Aliniambia jinsi alivyotembea kwa miguu kutoka huko hadi nyumbani akiwa mdogo kuliko nilivyokuwa mimi nikisukuma ndizi. Sikuwahi kulisikia hilo. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba katika ukoo wetu safari zilianza na mimi.

Mau kulikuwa na baridi. Malori yalikuwa yakihema kwenye mlima, na kando ya barabara wanawake waliopanga viazi kwenye ndoo walivaa makoti mazito. Nilipita njia panda kidogo, nikaegesha, nikamfungulia mlango. Mahali penyewe hapana kitu cha kuonyesha. Ndivyo ilivyo mipaka ya maji: ukisimama juu yake unaona majani, uzio, ng'ombe wa mtu. Wanaotarajia kilele chenye ncha hurudi wamekasirika. Nilimwambia kwamba maji yaliyo nyuma yetu hushukia mto Nyando, kisha ziwa letu, kisha Misri. Yaliyo mbele yetu hushukia mto Molo, nao huingia ziwa Baringo huko chini kwenye joto la Bonde la Ufa, na Baringo haina mto wa kuyatoa yaende baharini. Yakifika huko yamefika. Yanayobaki ni ya jua.

Nilichukua chupa ya maji, nikaimwaga nusu upande mmoja na nusu upande wa pili, ili aone. Vumbi lilikuwa jingi. Tulitazama madoa mawili meusi yakikauka.

"Yamenywewa na ardhi," alisema. "Hayakwenda Misri wala Baringo."

Nilieleza tena, sasa kwa mikono. Alinitazama mikono hiyo, si uso. Kisha aligeuka akatazama upande wa mashariki, ambako ardhi ilikuwa inashuka polepole na kupotea katika ukungu, na alikaa hivyo muda mrefu hata mwanamke mmoja wa viazi akadhani tunataka kununua.

"Kwa hiyo yale ya huku hayarudi," alisema.

"Hayarudi, tata. Labda kama mvua, baadaye, mahali pengine."

"Ulipokuwa kule kwa Waarabu," alisema, bado akitazama huko, "na mama yako akafa hujaja, mimi nilidhani umeshukia upande huu."

Mimi si mtu wa kukosa la kusema. Uliza wanaonijua. Nilianza kumweleza jinsi kimo kinavyopimwa kutoka usawa wa bahari, nikaeleza vizuri sana, na hakunikatiza. Tulinunua ndoo ya viazi.

Kurudi sikupita Sondu. Nilipitia Chepilat, nikapanda kuelekea milima ya Kiabonyoru, kwa sababu nilitaka tufike nyumbani tukiendesha juu ya mgongo wenyewe. Ukiwa na macho ya mpimaji unaona kwamba barabara nyingi za zamani za kwetu zimelala juu ya migongo, kwa kuwa anayepita mgongoni hahitaji daraja. Bonde liko kulia, bonde liko kushoto, na mashamba yanateremka kila upande kama vitambaa vyembamba vilivyoanikwa: nyumba juu, chai na ndizi katikati, majani ya ng'ombe na mikaratusi chini karibu na maji. Ndivyo wazee walivyowagawia wana wao, kila mmoja apate kidogo cha juu na kidogo cha chini. Baba alianza kuonyesha kwa kidole kutoka kiti cha nyuma. Gucha. Sondu. Gucha. Mahali ambapo barabara ilijikunja alikosea, nami nikamwambia, kwa sababu kosa la kipimo halina mkubwa. Aliangalia mteremko, akasema, "Kweli," kisha akaendelea.

Hakusema neno lolote kuhusu nyumba. Nilimshusha kwake, akanishukuru kwa viazi.

Wiki hiyo nilikwenda Tabaka, kwa wachonga mawe, nikaagiza kiti cha jiwe la sabuni, lile laini la kuchongwa, cha mtu mmoja, chenye mgongo. Mchongaji aliuliza kama nataka tembo pembeni au twiga. Nilimwambia baba yangu si mtalii. Nilikiweka nje, kwenye ukuta wa sebule, juu kabisa ya mstari, nikarefusha paa juu yake ili mvua isimfikie. Hakuna mlango wa kuvuka. Mtu anayeketi hapo hajaingia nyumba ya mtu, lakini mabati yaliyo juu yake ni ya nyumba hiyo. Nilimtumia salamu kwamba kiti kipo, nikaacha hivyo. Kile chumba chenye mlango mpana mke wangu amekijaza magunia ya mahindi, na hajawahi kunikumbusha alichoniambia, ingawa kila anapokwenda kuchota mahindi hufunga mlango kwa kishindo kidogo.

Muda ulipita kabla baba hajaja. Alikuja alasiri moja, mawingu yakiwa yameshashuka, amebeba gunia la kukalia kwa sababu jiwe hilo ni baridi, na nyuma yake rika lake yule yule akiburuta kiti cha plastiki. Nilikuwa sebuleni, dirisha likiwa wazi kidogo. Hawakubisha hodi, wala haikuhitajika. Mvua ilianza, na mabati yakapiga kelele pande zote mbili.

"Hapa ulipoketi ndipo?" rika aliuliza.

"Hapa hapa."

"Kwa hiyo nikitema mate?"

"Inategemea umegeukia wapi."

Yule mzee alicheka, kisha akarudia swali la siku ile ya turubai, akilitia chumvi. Mito yote inaishia ziwani, alisema, hata ng'ombe wanajua, sasa huyu mtoto wako aliyekula pesa za Waarabu amegawa nini?

Nilimsikia baba akisogeza gunia lake.

"Kuna mahali juu ya Kericho," alisema, "ukimwaga maji upande mmoja yanarudi kwetu. Ukiyamwaga upande wa pili hayarudi tena. Nimefika. Nimeyaona kwa macho."

Alichokiona ni vumbi lililolowa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia hivyo. Sikusogea.

"Nani alikupeleka?"

"Mwenye nyumba hii. Ni kijana wangu. Huu mstari ameupima yeye."

"Kwenye shamba la nani?"

"Shamba lake," baba alisema. "Kunywa chai, inapoa."

Mke wangu alikuwa amewapelekea chai kwa nje. Akaniletea na mimi yangu, akaona sakafu imeanza kulowa chini ya dirisha, akanyoosha mkono alifunge. Nilimfanyia ishara aliache. Upepo ulikuwa umegeuka, na mvua ya Sondu ilikuwa inaingia sebuleni.