Chumba Chenye Komeo

Ukiwasikia leo wakisimulia zama za ujamaa, utadhani wote walishika jembe. Mwenyekiti wa kijiji chetu kule Ngenge hakushika. Alishika kipaza sauti cha bati, na siku ninayotaka kuieleza alishika kitasa cha mlango wa hoteli moja Bukoba mjini, akakizungusha, akakirudisha, akausukuma mlango kwa bega kama mtu anayepima ng'ombe mnadani. Mimi nilikuwapo. Elimu yangu ni darasa la nne tu, lakini macho sikuyaacha shuleni.

Kijiji chetu kilikuwa kimesifiwa kwa mahindi. Mkubwa mmoja wa mkoa alikuja, akaona ghala limejaa, akasema hiki ndicho kijiji cha mfano. Basi viongozi wetu wakaamua kumwandalia karamu. Si kijijini palipoota mahindi, hapana. Mjini. Mwenyekiti alitueleza mkutanoni kwamba mgeni rasmi hawezi kuliwa na mbu. Sisi tulioliwa na mbu hao tangu siku tuliposhushwa kwenye lori tukapiga makofi, maana mgambo walikuwa wamesimama nyuma yetu.

Nilichukuliwa kwenda kuchagua chumba kwa sababu kabla ya kuhamishwa niliwahi kufua mashuka ya hoteli mjini, nikazijua hoteli kwa milango ya nyuma. Na Tata, baba yangu, alichukuliwa kwa sababu yeye ndiye aliyeyalima hayo mahindi kuliko mtu yeyote. Mwenyekiti alimwahidi kiti katika karamu. "Mzee, utakaa meza moja na mgeni," alimwambia mbele yangu. "Neno lako utamwambia mwenyewe kwa mdomo wako."

Neno la Tata lilikuwa moja, na kijiji kizima kililijua. Alitaka ruhusa ya kurudi Nshamba, kwenye kibanja chake. Migomba aliyoiacha ilikuwa ya baba yake na babu yake, na hao wote wamezikwa humo humo katikati ya migomba, kama inavyotakiwa kwetu. Habari zilizotufikia zilisema kahawa yake imemezwa na magugu, na kwamba vibanja vilivyoachwa vitagawiwa watu wengine. Alikwisha kutoroka mara moja, akarudishwa na lori akiwa amefungwa mikono kwa kamba ya mgomba. Mwenyekiti hakutaka kabisa kumwandikia ruhusa. Lakini mkubwa wa mkoa akitamka tu, nani atambishia? Ndiyo maana Tata alilima kama kijana. Alikuwa akilima njia ya kurudi kwao.

Tulikuwa wanne: mwenyekiti, katibu wake, Tata na mimi.

Hoteli ya kwanza ilikuwa karibu na ziwa, ina baraza pana, upepo mzuri. Mimi niliipenda. Mwenyekiti alisimama pale barazani akatazama barabara, akaona akina mama wakipita na vikapu, akakunja uso. Akasema hapa watu wataona. Nikauliza wataona nini. Katibu akanijibu kwamba binti aliyeletwa kuonyesha hoteli aonyeshe hoteli.

Ya pili ilikuwa na chumba ghorofani juu ya duka, kimetengwa kwa pazia. Pazia lenyewe zito, safi. Lakini ukutani palikuwa na picha ya Rais, na katibu, ambaye alikuwa amekwisha kuhesabu kichwani mwake kuku na chupa za bia, hakuacha kuitupia jicho. Mwishowe akamnong'oneza mwenyekiti kuuliza kama inaweza kugeuzwa. Mwenye hoteli akasema picha ya Rais haigeuzwi, ndugu, wewe kiongozi hujui? Tuliteremka ngazi haraka kuliko tulivyopanda.

Ya tatu ilikuwa nyuma ya soko. Chumba kilikuwa uani, madirisha madogo ya juu, mlango wa mbao nene na komeo la chuma kwa ndani. Kilinuka unyevu. Mwenyekiti akaingia, akamwambia katibu abaki nje, akafunga komeo. Tulisimama pale uani sote watatu kama watu wanaosubiri mkunga. Baada ya muda akafungua.

"Mmesikia?"

"Tumesikia nini, Mwenyekiti?"

"Nimepiga kelele ya 'Uhuru na Kazi' mara tatu."

"Hatujasikia kitu."

"Basi ni hiki," akasema, na uso wake uling'aa.

Asiyezaliwa kwetu anaweza kudhani namcheka mtu kwa kupenda mlango. Basi nieleze. Sisi Wahaya chakula huliwa ndani, mlango umefungwa. Si uchoyo. Ni heshima. Mtu akila ni kama mtu akioga, hatazamwi. Na ukifika kwa jirani ukakuta mlango umefungwa wakati wa chakula, hubishi hodi. Unapita kama vile hukuja, au unakaa mbali mpaka wafungue wenyewe. Anayebisha amejitangaza kuwa mlafi, na jina hilo hufuata hata watoto wake.

Sasa, huyu mwenyekiti, Mhaya kama sisi, aliyelelewa nyuma ya mlango kama sisi, alipotuweka Ngenge alipiga marufuku milango. Alisema anayekula amejifungia ni mnyonyaji. Sufuria zote zitoke nje, tule pamoja kando ya ghala, kila mtu amwone mwenzake. Mama mmoja mzee alikataa kutafuna mbele ya wakwe zake, akakaa na njaa mpaka akaugua. Mwenyekiti alimfanya somo la mkutano. Na ndiye huyo huyo aliyezunguka mji mzima kutafuta komeo. Namtaja kwa cheo chake, na Ngenge nzima watamjua. Katibu naye namtaja. Yeye ndiye aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuchungulia ni nani amerudisha mlango.

Siku ya karamu ikafika. Tata alikuwa ameazima koti la kasisi mmoja mstaafu, akalikunja vizuri ndani ya khanga ya mama yangu ili lisipate vumbi la lori. Njia nzima alikuwa akilifanyia mazoezi neno lake kwa sauti ya chini. Tulipofika Kemondo, kando ya ziwa, mwenyekiti akasimamisha lori akamwambia Tata ashuke akachague sato kwa ajili ya mgeni, maana mzee ana jicho. Tata akachagua, akabeba kapu begani, maji ya samaki yakamtiririkia mgongoni. Mjini akalipeleka jikoni mwenyewe. Ndipo mwenyekiti akaziba pua akamwambia, "Mzee, huwezi kukaa na mgeni ukinuka hivyo. Nenda kaoge. Tutakungoja."

Nilimpeleka kwa mama mmoja niliyewahi kuishi kwake, si mbali na soko. Akaoga na sabuni ya kufulia, akajisugua mpaka ngozi ikapauka. Akavaa koti. Lilimpwaya mabegani, lakini alikuwa amependeza, nasema kweli. Tukarudi jua likiwa bado lipo.

Mlango ulikuwa umefungwa.

Mpishi akaniambia mgeni amekwisha fika, na mwenyekiti ameagiza vyakula vyote vitandazwe mezani mara moja, wahudumu watoke. Alisema wao ni wajamaa, watajipakulia wenyewe. Kutoka ndani hakuna kilichosikika, kama ilivyokusudiwa.

Tata akatazama ule mlango. Kisha akatafuta kreti tupu la soda, akaliweka karibu na ukuta, mbali kidogo, akakaa.

"Tata, bisha," nikamwambia. "Wamekuahidi kiti."

"Wanakula."

"Kiti ni chako."

"Nibishe niseme nini? Kwamba nina njaa?"

Nikaenda mimi. Nikagonga kwa ngumi. Komeo likavutwa, katibu akatoa uso tu, mashavu yamejaa, mafuta kidevuni. Nikamwambia mzee amefika. Akatafuna kwanza, akameza, akamwangalia Tata pale kwenye kreti.

"Mwambie asubiri. Chakula kitabaki."

Akafunga. Nilitaka kugonga tena, Tata akanikataza kwa kidole. Si kwa ukali. Alikiinua kidole chake tu akatikisa kichwa, nami nikakaa chini kwenye saruji karibu naye. Tulikaa hapo mpaka taa za jikoni zikawashwa. Harufu ya wale sato ilitupitia mara nyingi. Midomo yake ilikuwa bado inalipanga lile neno.

Hapo ndipo ninapowashangaa wanaosema viongozi wetu walikuwa wajinga, hawakujua walitendalo. Yule mwenyekiti alijua. Hakuhitaji mgambo mlangoni. Alijua mtu kama Tata ukimfungia mlango kukiwa na chakula ndani, umemfunga pingu kwa mikono ya mama yake mwenyewe.

Walipofungua, walitoka na mvuke wa bia, wakicheka. Mgeni alitangulia. Hakuwa mtu mbaya wa sura, alikuwa mnene, mtulivu. Akamwona Tata, ambaye alikuwa amesimama na kofia mkononi. Akauliza mzee huyu ni nani.

Mwenyekiti hakukwama hata kidogo. "Ni mzee wetu mmoja wa kijijini, Ndugu Mgeni Rasmi. Amekuja kuona kama kuna kilichobaki. Katibu, mpatie sahani."

Mgeni akasikitika kwa wema. "Naam, mpeni mzee chakula."

"Nimeshiba, waitu," Tata akasema, kwa neno letu la heshima.

"Mnaona?" mgeni akawageukia wenzake. "Hiki ndicho kijiji cha mfano. Hata wazee wameshiba."

Wakacheka tena. Nikaona anaelekea kwenye gari, nikapaza sauti. Nikasema huyu hakufuata chakula, ana neno la kukuambia. Mgeni akasimama. Akarudi hatua kadhaa, akamtazama Tata usoni, na alikuwa tayari kusikia, sitamsingizia. Mwenyekiti alikuwa ameganda, kijiti cha meno mdomoni.

Tata akanitazama mimi kwanza. Kisha akatazama kile chumba kilichokuwa wazi, mifupa mezani, na katibu aliyekuwa tayari ameleta sahani ya mabaki na kuinyoosha kwake.

"Sina neno," akasema. "Mtoto huyu amechoka."

Miaka mingi nilimkasirikia kwa hilo. Sasa ninaelewa, ingawa kuelewa hakunipozi. Mtu aliyekwisha kuitwa mfuata mabaki, akiomba kibanja cha baba yake palepale, mbele ya ile sahani, hata kibanja kinageuka kuwa makombo. Hakutaka kaburi la babu yangu liombwe namna hiyo. Gari likaondoka. Tukapanda lori nyuma, pamoja na kreti za chupa tupu.

Hakuomba tena. Kibanja cha Nshamba akapewa shemeji yake mwenyekiti, na Tata akafia Ngenge, tukamzika kwenye udongo wa mahindi, pasipo hata mgomba mmoja wa kumwekea kivuli. Mwenyekiti alikuja msibani. Alihutubia, akasema marehemu alikuwa mkulima wa mfano.

Vijiji vilipolegea, nilirudi Nshamba, nikapanga chumba sokoni, nikauza ndizi za watu. Mwenyekiti naye alikuwa amerudi, kazeeka, anatembea na fimbo, Jumapili yumo kanisani kiti cha mbele. Siku moja baada ya misa alinisimamisha chini ya ngazi. Akasema, "Binti yangu, baba yako alikuwa mtu wa heshima. Siku ile angeweza kunichongea kwa mgeni, akanyamaza."

Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelala nalo miaka yote. Kama Tata angesema, je, kibanja kingerudi?

Akafikiri. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifikiri kabla ya kusema.

"Hapana. Nilikuwa nimekwisha kumpa shemeji yangu. Na mgeni alijua. Tulilizungumza mezani, hata kabla ya samaki."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayenipa zawadi ya kunituliza. Kisha akanyoosha mkono nimshike apande ngazi, kwa kuwa alikuwa amesahau rozari yake ndani. Nilimpita.